Choo cha Ngazi Saba

Mimi hasira zangu ziko karibu, nakwambia mapema ili baadaye usiseme hukuonywa. Ukinichokoza asubuhi, jioni nimeshakusamehe na nimekuwekea na kiporo, lakini hapo katikati usinisogelee. Basi mwaka ule wa tisini na nane, baada ya zile mvua za El Nino kutunyeshea mpaka vyura wakachoka, nilikaa na hasira miezi mitatu mfululizo, na zote zilikuwa za choo.

Ndiyo, choo. Ngoja kwanza ndipo ucheke.

Naitwa Sauda, napika ufukweni hapa Mchinga. Kibanda changu cha makuti kina meko matatu na mabenchi manne, na mwaka huo kilikuwa kimetimiza miaka kumi na tisa. Nilianza na chai na vitumbua vya kuwauzia wavuvi. Baba yake Somoe alipofariki, kibanda hicho ndicho kilichomlea huyo binti yangu wa pekee, kikamsomesha, kikamwoza. Halafu serikali ikafungua milango ya biashara, zikaja kampuni za kununua pweza na magari yao ya barafu, madereva na wapimaji wakawa wanashinda pwani wakingoja maji yatoke na wanawake warudi na pweza. Mtu anayengoja hula. Wali wangu wa nazi ukapata sifa mpaka Lindi mjini, Jumapili watu wanakuja kula tu, hawana shughuli nyingine. Nikawaunganisha wenzangu watano, tukawa kikundi, na mwenyekiti nikawa mimi, maana nani angethubutu kugombea na mimi.

Ndipo halmashauri ikaja kuupima ufukwe viwanja. Alikuwepo mwekezaji mmoja kutoka Dar es Salaam, miwani myeusi hata jua likiwa limezama, aliyekitaka kipande chote kuanzia kwenye mikoko hadi kwenye jabali, na meko yangu yako katikati. Tukaambiwa sisi tuliotangulia tutafikiriwa kwanza, ila kwa sharti moja: banda la chakula lazima liwe na choo cha kudumu, na choo hicho kiwe kinatumika. Mwisho wa Oktoba bwana afya atakuja kukagua. Akikikubali, kiwanja chetu. Akikikataa, meko yanang'olewa na mwekezaji anaanza kujenga ukuta wake. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikalia, na mimi si mtu wa kulia, kwa sababu nje ya kibanda kile sijui mimi ni nani.

Sasa chimba choo kwenye mchanga wa pwani nikuone. Futi nne tu, maji ya chumvi hayo yanakuchungulia. Shimo la kwanza lilijaa kabla mchimbaji hajapanda juu. La pili lilibomoka usiku huo huo. La tatu tukalizungushia mapipa, tukajisifu, na siku ya tatu likameza sepeto, ndoo na kiatu kimoja cha Lusia. Lusia ni shoga yangu, Mmakonde wa Newala, alishuka pwani kuuza korosho akasahau kurudi. Kile kiatu alikiomboleza wiki nzima, na kila mteja aliyekuja kula alisimuliwa kilivyokuwa.

Mungu si Athumani, akaja Edwin. Alikuwa fundi wa mradi mmoja wa mazingira, kijana mwembamba mwenye daftari na tabasamu lisiloisha, na mimi watu wenye tabasamu lisiloisha huwa nawatilia shaka. Akayatazama mashimo yetu matatu, akasema, "Mama, tusichimbe. Tupande."

Akatuchorea chini kwa kijiti. Choo kitajengwa juu ya ardhi, chini yake vyumba viwili vya zege, juu yake kijumba, na ngazi saba za kupandia. Kila anayemaliza haja anamwagia kopo la majivu na maranda. Chumba kimoja kikijaa kinafungwa, kinaachwa kioze taratibu mpaka kiwe udongo mweusi wa kurutubisha minazi, na watu wanahamia cha pili. Bomba refu jeusi linavuta harufu juu, na ndani ya bomba kuna feni ndogo inayozungushwa na umeme wa jua. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwuliza maji ya kujisafishia yanapita wapi.

Akasema choo hiki hakitaki maji, kikilowa kinanuka. Kule kilikobuniwa watu wanatumia karatasi. Nikamtazama kijana wa watu. Nikamwuliza kama mimi, Mwislamu wa pwani, mwenye akili zangu na birika langu, ndiyo niingie chooni na karatasi kama napeleka barua. Lusia akacheka mpaka akakaa chini. Edwin akafikiri, akakuna kichwa, na kesho yake akarudi na mchoro mpya: pembeni mwa tundu pakawa na kibeseni cha zege cha kutawadhia, chenye mpira unaopeleka maji moja kwa moja kwenye migomba. Hapo nikaanza kumpenda, nikamwongezea pweza.

Kikajengwa mwezi mmoja. Wallahi kilipendeza. Kilipakwa chokaa, mlango wa buluu, na juu ya paa ile sahani ya jua inang'aa mpaka walio baharini wanaiona. Ndani kuna taa, usiku kinawaka peke yake pwani nzima. Na kwa kuwa umeme ulibaki kidogo, Edwin akatoa waya pale mlangoni nikachomeka redio yangu, ambayo kwa kula betri ilikuwa inanifilisi. Ili jua na upepo vikipate vizuri, akawa amekiweka mahali peupe kabisa, katikati ya ufukwe, hatua ishirini kutoka kwenye karakana ya mashua ya Abdala.

Na hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu Abdala ni mkwe wangu.

Labda kwenu si kitu. Huku kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa, hasa mama mkwe na mume wa bintiye. Hamkai mkeka mmoja, hamtazamani usoni, hamsemezani ovyo. Abdala alimwoa Somoe miaka kumi na moja nyuma, akahamia kwetu kama wanavyohamia wanaume wote huku, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia neno moja. Si kwamba hatuelewani. Ni kijana mwema, fundi hodari, na ananiheshimu mpaka inachosha. Akitaka kitu anapitisha kwa mkewe: Somoe, mwambie mama mbao za mlango wake tayari. Mimi nimesimama hapo hapo na masikio yangu yote mawili, nami namwambia Somoe, mwambie mumeo ahsante. Somoe anatutazama, anasema wote wawili mmesikia, anakwenda zake.

Sasa nieleze mimi, mama mkwe mtu mzima, nitazipandaje ngazi saba, moja, mbili, tatu, mbele ya macho ya mkwe wangu, mkononi nina kopo la maji, na yeye anajua kabisa ninakokwenda na ninachokwenda kufanya? Afadhali nipasuke. Na usidhani ni mimi peke yangu. Kwa kuwa wanaume wanahamia kwa wake zao, ufukwe wetu umejaa wakwe watupu. Anayeshona nyavu ni mkwe wa huyu, anayepima pweza ni mkwe wa yule, na wenyewe nao wanaona haya vilevile, maana kila wakiinua macho wanakutana na mama mkwe mmoja au mwingine. Wiki mbili zikapita. Choo kinang'aa, hakijaingiwa na mtu. Watu wanakwenda vichakani kama zamani, wanakiangalia kwa mbali wakikisifia.

Tukazungushia ua wa makuti, upepo wa kusi ukaubeba usiku ukautupa ndani ya mashua ya Abdala. Tukamwomba Edwin azigeuzie ngazi upande wa bahari, akatuuliza kwani huko baharini wanaovua ni kina nani. Wakwe, tukajibu. Akaenda kukaa peke yake kwenye mchanga. Mimi nikawa nahesabu siku za kufika mwisho wa Oktoba, na kila nikipika naungua vidole.

Suluhisho likaja lenyewe, kwa njia ya redio. Asubuhi moja redio ilikuwa inakoroma kule juu, nikapanda kuirekebisha, kopo la maji ya kuoshea vyombo bado liko mkononi, sina hata nia nyingine. Nilipofika juu nikagundua jambo. Hakuna mtu aliyenitazama. Mtu anayepanda kurekebisha redio ni mtu anayepanda kurekebisha redio. Nikaingia, nikafunga mlango, na ndugu yangu, nilikaa mle kwa raha ambayo sijawahi kuipata tangu mvua zianze. Feni inavuma, upepo unapita, hakuna inzi hata mmoja. Nikamwaga kopo langu la majivu na maranda, nikashuka na redio kwapani, uso mkavu.

Nikamnong'oneza Lusia. Lusia akawanong'oneza wengine, na kwa mdomo wa Lusia kunong'ona ni kupiga tarumbeta. Kuanzia siku hiyo Mchinga hapakuwa na watu wanaofuatilia habari kama sisi. Mmoja anabeba redio kwenda kuichomeka, mwingine anakwenda kuichomoa, na kopo la maji limefichwa ndani ya kanga. Lusia akawa na uchungu mkubwa na matangazo ya vifo, asubuhi na jioni lazima apande akasikilize nani amefariki, mikoa yote. Bibi mmoja asiyesikia vizuri akawa anapanda kusikiliza hali ya hewa. Redio yangu ilipanda na kushuka zile ngazi mpaka ikalegea mkono.

Wanaume nao wakapata yao. Maranda yalikuwa yanatoka kwenye karakana ya Abdala, na Edwin alikuwa amesema gunia moja kwa wiki linatosha. Nikaona Abdala anapeleka gunia kila siku asubuhi. Jumatatu gunia, Jumanne gunia, na gunia lenyewe likishuka naliona bado limejaa. Wenzake nao wakaingiwa na moyo wa kumsaidia, wanapokezana. Nilijua, naye alijua kwamba najua, na hakuna aliyemwambia Somoe.

Siku moja tu mambo yalitaka kuharibika. Nafungua mlango natoka na redio, namkuta Abdala kwenye ngazi ya nne na gunia kichwani. Tukaganda. Hawezi kunitazama, hawezi kunipita, na mimi pa kwenda sina. Akalishusha lile gunia usoni akajificha nalo, akaanza kushuka kinyumenyume, anapapasa kwa kisigino, akaikosa ngazi ya pili na akaishia kwenye migomba. Migomba yenyewe kwa yale maji ilikuwa imeshanenepa, ikampokea vizuri. Mimi nikapandisha sauti ya redio, nikaondoka naangalia mbinguni.

Na nikueleze jambo moja zaidi, maana litakuja kuhitajika. Chooni kwetu mtu haongei. Si adabu, na dini haipendi. Anayefika nje anakohoa, aliye ndani anakohoa, wote wameelewana. Lusia ana kikohozi cha kizembe, bibi wa hali ya hewa ana kikohozi kirefu kama hotuba. Sote tulikoholeana. Ila Abdala hakuwahi kukohoa nikiwa ndani mimi. Akijua ni mimi, anarudi na gunia lake kimya kimya, hata kama ameshafika juu, hata kama anatembea amebana magoti. Ndivyo anavyoniogopa.

Ikafika siku ya ukaguzi. Bwana afya anaitwa Bwana Francis, mzee mkavu, faili kwapani, pua ndefu inayomtangulia. Saa nne asubuhi ufukwe mzima ulikuwa umejaa. Wanakikundi tumevaa kanga sare, wakwe wote wamesimama upande wa karakana, Edwin amepiga pasi mpaka soksi. Mwekezaji naye amekuja, amekaa ndani ya gari lake na miwani yake, kioo kimeshushwa.

Bwana Francis akakizunguka choo mara mbili. Akanusa. Akasogea karibu, akanusa tena, akakunja uso. Akaufungua mlango mdogo wa nyuma, chini, akachukua kijiti akachokoa. Maranda. Akachokoa zaidi. Majivu na maranda, makavu, yana joto kidogo. Edwin anachekelea, anaeleza kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwamba kimefanya kazi kuliko hata alivyotarajia. Bwana Francis akainuka akajifuta mikono.

"Kijana, mimi choo nakijua kwa pua, mwaka wa ishirini huu," akasema. "Hapa hakuna harufu na hakuna inzi. Hii ni stoo ya maranda."

Edwin akaanza kumweleza habari za joto na hewa. Bwana Francis akamwinulia mkono, akatugeukia sisi. Akasema hana ugomvi na mtu, anachotaka ni kuambiwa na watumiaji wenyewe. Akauliza ni nani hapa anakitumia hiki choo.

Nasikia mawimbi. Wanawake sita tumeangalia vidole vya miguu, na hatua kumi kutoka kwetu wamesimama wakwe zetu wote, nao wameangalia vidole vyao. Bwana Francis akamwuliza Lusia moja kwa moja, kama hakuna anayekitumia, mbona ngazi hizi zimechakaa hivi. Lusia akaikumbatia redio, akasema yeye hupanda kusikiliza matangazo ya vifo. Bwana Francis akaandika. Bibi akaulizwa, akasema hali ya hewa. Akaandika. Mmoja wa wanaume akaulizwa, akasema wao hupeleka maranda. Na hayo akayaandika, kwa mwandiko mzuri, bila haraka.

Halafu akasoma alichoandika kwa sauti: jengo linatumika kama chumba cha redio, na chini yake ni stoo. Choo hakuna. Akasema anasikitika, chakula chetu anakijua na anakipenda, lakini sheria ni sheria. Akaanza kufunga faili.

Nikageuza shingo, nikamwona mwekezaji ameshuka garini. Alikuja mpaka kwenye kibanda changu, akaanza kupima kwa hatua zake, moja, mbili, tatu, akavuka meko yangu kwa mguu mmoja kama anavuka kinyesi cha mbuzi. Juu ya meko hayo nilikuwa nimeinjika wali. Niliogopa, nasema kweli. Kisha nyuma ya ule woga zikaja hasira zangu, na sijawahi kuzifurahia hivyo. Miaka kumi na tisa nimepika hapa, na leo nafukuzwa kwa sababu ya haya.

"Bwana Francis, usilifunge hilo faili," nikasema. "Hicho ni choo, na mimi nakwenda chooni sasa hivi."

Nikaanza kutembea. Nilipofika chini ya ngazi, Lusia kwa mazoea akaninyooshea redio. Nikamwambia akae nayo. Nikapanda ya kwanza, ya pili, mikono mitupu. Kwenye ya tatu nikaivuta kanga nijifunike vizuri, maana kumbuka, watu mia wako nyuma yangu na wote wanajua. Kwenye ya tano nikatupa jicho la wizi upande wa karakana, nione kama naaibika peke yangu.

Abdala alikuwa amegeuka. Ameupa mgongo ufukwe mzima, ameangalia bahari, kichwa ameinamisha. Nikiwa bado natazama, wa pembeni yake naye akageuka, akafuata mwingine, na mwingine, mpaka wakwe wote wa Mchinga wakawa mstari mmoja wa migongo. Hakuna aliyewaamuru. Nikamalizia ngazi mbili, nikaingia, nikafunga mlango.

Nikakaa. Na ukitaka kujua kama nilifanikiwa, hayo hayakuhusu, ila sikupanda bure. Shughuli ikaisha, nikanyoosha mkono kuchukua kopo la maji.

Kopo halipo. Kwa zile mbwembwe zangu za mikono mitupu, nilikuwa nimeliacha chini, kwenye ndoo ya maji iliyo mguuni pa ngazi. Nikashika kichwa. Kutoka bila kutawadha siwezi. Kuita siwezi, chooni mtu haongei. Kukohoa nikakohoe nini, kwetu hakuna kikohozi cha kuomba maji. Nikakaa mle nawaza kwamba sasa ndiyo basi, nitazeekea humu, halmashauri itanipima pamoja na kiwanja. Ajabu ni kwamba nikashikwa na kicheko. Nikajiziba mdomo kwa kanga, machozi yananitoka, kijumba kizima kinatikisika.

Ndipo nikasikia nyayo kwenye ngazi. Nyayo za ajabu, zinapapasa, zinatua kwa kisigino, kimoja, kinasita, kingine. Mtu anapanda kinyumenyume. Nikazihesabu hadi saba. Nikasikia kopo linawekwa chini taratibu, na maji yanachezacheza ndani yake; kumbe kuna aliyeona nimepanda bila kopo. Halafu mtu huyo akakohoa.

Nilikijua kile kikohozi bila kukisikia kabla. Kidogo, kikavu, cha adabu. Miaka kumi na moja nimemngoja mkwe wangu aniambie jambo.

Nikakohoa.

Akashuka, safari hii hakuikosa ngazi hata moja. Nikafungua mlango kidogo, nikavuta kopo, nikamaliza mambo yangu kama binadamu. Huku ndani nasikia kila kitu cha nje. Nikamsikia Bwana Francis anamwuliza kijana aliyepeleka maji jina lake. Akamjibu akiwa ameangalia bahari, najua, maana sauti ilikuwa inakwenda upande wa pili.

"Abdala, fundi mashua. Niandike na mimi. Natumia kila siku asubuhi, maranda yalikuwa kisingizio tu."

Kisha mgongo mwingine ukasema na mimi. Mwingine ukasema na mimi, ila mimi ni jioni. Wakajitaja mmoja mmoja, kila mtu na jina lake na la baba yake, Bwana Francis anawaambia waende polepole kalamu haiwawahi. Mwishoni nikamsikia Lusia anasema kwa ile sauti yake ya tarumbeta kwamba katika vifo vyote hivyo hajasikiliza hata kimoja, na waliofariki wamsamehe. Hapo ufukwe mzima ukalipuka. Nikamwaga kopo langu la majivu na maranda, nikatoka, nikakuta Bwana Francis mwenyewe ameinama anacheka, faili limeanguka mchangani, na Edwin analia.

Cheti tukapewa hapo hapo, na muhuri. Mwekezaji akaingia garini, lakini dereva wake akasema hawezi kuendesha na njaa, ikabidi wakae. Nikawapakulia. Bosi mwenye miwani alikula sahani mbili, na mimi hasira zilikuwa zimeniisha, nikampa na ukoko.

Kesho yake alfajiri nilikuwa peke yangu kibandani, napuliza moto. Somoe hajaja bado. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu, mbali kidogo kama inavyotakiwa. Sikugeuka. Hakuna wa kumpitishia salamu, hakuna gunia, hakuna redio. Akakohoa.

Nikakohoa. Nikamimina chai kikombe kikubwa, nikaweka kitumbua juu ya kisosi, nikavisogeza mwisho wa benchi bila kutazama, nikarudi kwenye moto wangu. Nikamsikia anakunywa. Baada ya muda nikaweka na kitumbua cha pili, ingawa hakuwa amekohoa tena.